Ziwa Ambalo Mwisho Wake Hauonekani

Saa moja na nusu asubuhi, kila siku ya kazi, Adrienne alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee Rosner kule Farsta, Sweden, akipambana na soksi. Si soksi hizi zetu za kuvaa na kusahau. Zilikuwa zile ngumu za hospitali, za kubana mishipa, ambazo ukimvalisha mtu wa miaka themanini na tano mnatoka jasho wote wawili.

"Vuta, Adrienne, vuta. Mguu hautang'oka."

"Na uking'oka, Mzee, nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika: mguu umepatikana, mwenyewe hakuonekana."

Adrienne alicheka kidogo, akarudi kwenye soksi. Mzee Rosner hakujua amegusa wapi. Mume wa Adrienne ndiye hakuonekana, yapata miaka kumi na moja sasa, na mpaka siku ile hakuna aliyeupata mguu wake wala kiatu.

Adrienne alikuwa mtu wa Uvira. Mumewe, Fidèle, alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole, mwenye kupenda kupiga pasi shati lake mwenyewe. Vita ya pili ya Kongo ilipowafukuza, mwaka wa tisini na nane, walishuka mpaka Baraka, na pale Fidèle akampandisha mkewe na mtoto wao Nicole kwenye boti ya kwanza ya kwenda Kigoma. Nafasi haikutosha. "Tangulieni, kesho nitawafikia," akasema. Boti ya kesho yake ilipinduka. Adrienne akakaa kambini miaka sita akiangalia kila mwanaume mrefu anayeingia getini, mpaka Umoja wa Mataifa ukamleta Sweden, yeye na binti yake. Wakapewa nyumba Alby, ghorofa ya sita. Akajifunza Kiswidi, akapata kazi ya hemtjänst, ndiyo ile ya kuwahudumia wazee majumbani, ukiwa na fungu la funguo kiunoni na karatasi inayokuambia dakika ngapi kwa nani.

Mzee Rosner alipewa dakika thelathini. Alikuwa Myahudi wa Hungaria. Aliletwa Sweden mwaka wa arobaini na tano, baada ya mambo ambayo sisi sote tumeyasikia, akiwa mifupa iliyovikwa ngozi, na dada yake mmoja tu wa kumshika mkono. Maisha yake yote alitengeneza saa. Macho yalipokataa saa, akabaki na vitabu vyake na kioo kikubwa cha kusomea.

Jikoni kwake palikuwa na droo mbili. Ya kushoto, vijiko vya vyakula vya nyama. Ya kulia, vya maziwa. Kwa sheria ya dini yake havikutakiwa kukutana hata kwa bahati mbaya. Adrienne alifundishwa siku ya kwanza, akakosea siku ya tisa: alikoroga maziwa ya mgando kwa kijiko cha nyama. Alipogundua alisimama pale na bakuli mkononi.

"Mzee, nimeharibu."

Alidhani atashtakiwa ofisini. Mzee Rosner akasema tu, "Nishushie kile kitabu. Si hicho. Kile kinene, cha rangi ya kahawia."

Akakifungua, akashusha kioo juu ya herufi zile nyeusi za kwao, akasoma huku midomo ikicheza.

"Maziwa yalikuwa ya moto?"

"Ya baridi, Mzee. Yametoka kwenye friji."

"Na kijiko, kilikuwa safi?"

"Safi kabisa."

"Basi kioshe kwa maji baridi, ukirudishe kushoto. Umesamehewa. Rabi Musa anasema."

"Rabi Musa ndiye pasta wenu?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza kuwa Rabi Musa alikufa miaka mia nane iliyopita. Alizaliwa Hispania, akakimbia mateso akiwa kijana, akahamahama, akaishia Misri, tabibu wa wakubwa mchana na mwalimu wa watu wake wakati uliobaki. Alichukua sheria zote za Wayahudi, zilizokuwa zimetawanyika katika mabishano ya wazee wa zamani, akazipanga katika vitabu kumi na vinne, kwa lugha nyepesi, ili mtu akitaka kujua afanye nini afungue na aone. Wengine walimkasirikia, wakamwuliza: wewe ni nani utuamulie bila hata kututajia umeyatoa kwa nani? Lakini barua zilimfikia kutoka nchi za mbali, watu wanauliza mambo ya ndoa, ya urithi, ya sala, naye anajibu. Akisema ruhusa, ruhusa. Akisema hapana, watu wanakaa chini.

Kilichomkaa Adrienne moyoni ni kwamba Mzee hakusema hata mara moja kuwa Rabi Musa alisema. Kila mara: anasema. Kama mtu aliye chumba cha pili.

Njia nzima ya kurudi, kwenye treni ya kijani mpaka Slussen na nyekundu mpaka Alby, Adrienne alikuwa na wazo moja. Kama kitabu hiki kina jibu la kijiko, hakitakosa jibu langu.

Swali lake lilikuwa hili. Alikuwepo mwanaume, Jean-Bosco, mjane, mfanyakazi wa usafi katika maofisi ya Kista, mwimbaji wa sauti nene kanisani kwao. Alimtaka Adrienne tangu mwaka wa 2006, kwa heshima, bila kumgusa hata bega. Adrienne naye alimtaka. Alikuwa na miaka arobaini na nne na alikuwa amechoka kula peke yake. Kwa serikali ya Sweden halikuwa jambo kubwa. Karatasi fulani unajaza, unangoja, unaambiwa wewe si mke wa mtu tena. Hata Nicole, mwenye miaka kumi na mbili, alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiswidi: "Mama, jaza fomu tu, ni rahisi!" Adrienne alishaijaza, na jibu likaja katika bahasha ya serikali, ile yenye kidirisha. Akaitia ndani ya Biblia, akaona haijamfungulia kitu.

Kwa maana alifunga ndoa mbele za Mungu, si mbele ya bahasha. Na Pasta Évariste, mchungaji wao, alikataa kuwaunganisha. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huruma: "Mama Nicole, neno ni kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Wewe unaye mmoja. Je, Fidèle akitokea kesho pale mlangoni, nitamwambia nini?"

Shahidi huyo mmoja alikuwa Emérithe, mama wa Fizi anayeishi ghorofa ya pili katika jengo lile lile la Alby. Alikuwa kwenye boti ya Fidèle. Aliokolewa ameng'ang'ania bidoo tupu, dumu la mafuta.

Jean-Bosco alikuwa amemwambia tangu mwanzo: "Twende tufunge kwa serikali, halafu tuombe msamaha. Pasta atanuna miezi mitatu, atazoea."

"Hapana, baba. Tuulize kwanza."

Ndivyo alivyolelewa. Hata chumvi ya jirani huchukui bila kuuliza.

Siku alipolitoa swali lake, Mzee Rosner hakuchukua kitabu mara moja. Alikaa akishika goti lake.

"Kwetu mwanamke wa namna hiyo ana jina," akasema. "Tunamwita aliyefungwa. Si mke, si mjane. Dada yangu alikuwa hivyo. Mumewe alichukuliwa mwaka wa arobaini na nne."

"Alisubiri mpaka lini?"

"Mpaka alipozoea."

Kisha akasema: "Adrienne, nisikilize. Mimi ni fundi wa saa, si rabi. Na kitabu hiki hakina nguvu juu yako. Wewe ni Mkristo. Ukimpelekea rabi yeyote swali hili atakuambia: mama, hii si sheria yako, nenda kwa amani."

"Mimi nataka kujua tu anasema nini."

Akakishusha. Akasoma siku ile, na siku iliyofuata, na Adrienne akapitiliza dakika zake mara mbili, ikabidi amkimbilie mzee wa nyumba inayofuata. Siku ya tatu Mzee Rosner alikuwa akimsubiri, uso unang'aa.

"Kwa mambo mengine wanataka mashahidi wawili. Lakini kwa mwanamke aliyefungwa, Rabi Musa anasema mmoja anatosha. Hata akiwa mwanamke. Hata mtumishi. Hata aliyesikia kwa mwingine. Na anasema mtu asishangae kwa nini wamelegeza hapa, wamelegeza ili mabinti wasibaki wamefungwa."

Adrienne alikaa chini, juu ya kiti cha mgonjwa, jambo ambalo haliruhusiwi kazini. Machozi yalimtoka kimya kimya, Mzee Rosner akampa kitambaa cha mezani, kisha akaangalia vizuri akasema, "Hicho ni cha nyama, lakini futa tu."

Jumapili, kanisani. Walikuwa wakisali katika ukumbi wa chini wa kanisa la Waswidi, saa nane mchana, wenyewe wakishaondoka. Baada ya ibada Adrienne akasimama mbele ya Pasta na wazee wawili wa kanisa, akaeleza yote. Mzee mmoja, mwenye maneno mengi, akadakia.

"Sasa tumefika mahali pa kuamuliwa na Wayahudi?"

"Na Yesu unayemwomba alikuwa mtu wa wapi, wewe? Wa Kalemie?" Ni Emérithe huyo, kutoka nyuma, amebeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Watu wakacheka. Pasta Évariste naye akacheka, kisha akafikiri. Alikuwa mtu anayeheshimu watu wa Agano la Kale kwa woga wa kweli. Akasema: "Mama Nicole, mimi sikutaka kukufunga. Kama mwalimu mkubwa hivyo wa watu wa Torati ameona mmoja anatosha, mimi ni nani? Emérithe aende akaulizwe maswali kama kitabu kinavyotaka, kisha uniletee jibu. Kanisa litafuata. Jibu likisema ndiyo, Pentekoste mnafunga ndoa. Likisema hapana, ni hapana, tusirudi hapa tena."

"Nakubali," akasema Adrienne. Alilisema haraka, mbele ya watu wote. Jean-Bosco alikuwa amesimama karibu na viti, akatoka kabla ya wengine.

Alimsubiri nje, kwenye ngazi. "Kwa nini ulisema hivyo? Kile kitabu si chetu."

"Sasa ni chetu, nimekubali. Na jibu lake tunalijua."

Siku ya Alhamisi, baada ya zamu, Adrienne alimleta Emérithe Farsta. Emérithe alivaa kitenge chake kizuri, kana kwamba anaenda mahakamani, na ni kweli alikuwa anaenda mahakamani. Mzee Rosner naye alikuwa amevaa koti na kofia yake ndogo. Emérithe hakujua Kiswidi cha kutosha. Mzee hakujua Kiswahili. Kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwa Adrienne.

"Mwulize, alimwona yeye mwenyewe, si mwingine anayefanana naye?"

"Mwalimu Fidèle? Nilimjua tangu akiwa na kaptula! Alikuwa mbele yangu, amempakata mtoto wa mtu. Boti ilipolala ubavu alimrusha yule mtoto kwa watu, akaenda."

Adrienne alitafsiri. Jambo la mtoto alikuwa hajawahi kulisikia.

"Alimwona akizama?"

"Nilimwona. Kichwa kilitoka mara mbili. Ya tatu hakikutoka."

"Aliangalia pale kwa muda gani?"

"Muda mrefu, dada. Nilikuwa kwenye bidoo langu, ningekwenda wapi? Mpaka walipokuja kutuokota, jua limeshapanda."

Mzee Rosner aliitikia kwa kichwa, akaweka kidole kwenye mstari. Adrienne aliona kidole kile kinashuka, mstari baada ya mstari, kisha kikasimama. Kikakaa pale. Mzee akasoma tena. Alipouliza, aliuliza polepole, na hakumtazama Adrienne.

"Mwulize, pale alipokuwa, aliweza kuona nchi kavu pande zote? Mbele, nyuma, kulia, kushoto?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Mwulize tu."

Adrienne akauliza. Emérithe akamshangaa.

"Pande zote za nini? Upande wa Kongo niliona milima. Wa Tanzania ulizibwa na mvua. Na kule juu na kule chini wewe mwenyewe unajua, ziwa letu halina mwisho ukiwa katikati. Ni maji tu na mbingu."

Saa tatu za ukutani, ambazo Mzee Rosner alizirekebisha mwenyewe, zilikuwa zikigonga kila moja kwa haraka yake.

Hapo ndipo Adrienne alipoelewa kuwa neno hili liko mikononi mwake. Mzee hajui Kiswahili. Emérithe hajui kilichoandikwa. Angesema, "Ndiyo, aliona pande zote," na dunia nzima isingejua. Pentekoste ilikuwa wiki sita tu. Akilini alimwona Jean-Bosco ngazini, akisubiri. Aliomba Mungu amwondolee uwezo wa kusema kabisa, awe bubu, mwingine atafsiri. Mungu hakumfanya bubu.

"Anasema hakuona," akasema. "Upande mmoja tu. Kwingine ni maji na mbingu."

Mzee Rosner alifunga macho. Akamweleza bila kuficha. Rabi Musa anatofautisha maji na maji. Kama ni maji ambayo aliyesimama anaona kingo zake zote, na mtu akazama, wakasubiri kiasi roho iwe imetoka, hakuibuka, basi amekufa, mkewe huru. Lakini kama ni maji ambayo mwisho wake hauonekani, nani ajuaye? Huenda wimbi lilimbeba akaibukia mbali, mahali shahidi hakuona. Mwanamke huyo asiolewe.

"Asiolewe," akarudia Adrienne.

"Lakini kuna neno moja." Mzee alisita, kama mtu anayeogopa kumpa mwenzake kitu chenye makali. "Anasema, kama mwanamke huyo ameshaolewa, basi wasimtoe kwa mumewe. Akae."

Adrienne hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikamata ukingo wa meza.

"Yaani kama ningeolewa bila kuuliza..."

"Ungekaa."

"Na kwa sababu nimeuliza..."

Mzee Rosner alikifunga kitabu. Emérithe alikuwa akiwavuta nguo: "Anasema nini? Adrienne, mzee anasema nini? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama. Umesema vizuri."

Mzee Rosner alimshika mkono, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. "Adrienne. Nilikuambia. Hakina nguvu juu yako. Mwambie mchungaji wako kwamba fundi wa saa hajui kusoma."

"Anajua," akasema Adrienne. "Anasoma vizuri kabisa."

Alimpelekea Pasta jibu lilivyo, hakupunguza. Pasta Évariste alishika kichwa. Ilionekana wazi kuwa alitamani angeambiwa kingine. "Mama, kweli huyo mzee hakukosea mstari?" Hakukosea. Pasta alikuwa ametoa neno lake mbele ya kanisa, na Adrienne alikuwa amekubali mbele ya kanisa, na hakuna kati yao aliyejua namna ya kurudi nyuma. Walisali pamoja. Walipomaliza kusali mambo yalikuwa vile vile.

Jean-Bosco alisubiri Pentekoste ile ipite, na ya mwaka uliofuata. Mara moja tu alimpandishia sauti, pale kituo cha Alby, watu wakipita: "Twende leo! Kitabu chenyewe kimesema tukishaoana tukae!"

"Kimesema kwa asiyeuliza, baba. Mimi najua. Nikiingia sasa, naingia huku najua."

Mwaka wa 2011 Jean-Bosco alimwoa Olive, mama mmoja mwenye heshima kutoka Norrköping. Adrienne alipika wali kwa watu themanini, akaimba na kina mama, akampa bibi harusi kitenge. Nicole, ambaye sasa alikuwa mrefu kumpita mama yake, alikataa kwenda. "Jag orkar inte," alisema, yaani sina nguvu za hayo, akajifungia chumbani. Adrienne hakumlazimisha. Yeye mwenyewe hakuwa nazo, ila mikono ilikuwa imezoea kufanya kazi bila nguvu.

Jumatatu alikuwa Farsta, saa moja na nusu, magotini. Mzee Rosner alikuwa amedhoofika, soksi zikawa zinapanda kwa urahisi zaidi. Hakuuliza habari za harusi. Alipovaa mguu mmoja akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Rabi Musa alikuwa na mdogo wake. Daudi. Ndiye aliyefanya biashara ili kaka asome na kuandika. Alizama Bahari ya Hindi."

Adrienne akainua kichwa. "Bahari? Ile ambayo..."

"Ile ambayo mwisho wake hauonekani. Rabi Musa aliandika katika barua kwamba aliugua karibu mwaka mzima, kitandani. Na kwamba hata miaka ilipopita, akiona mwandiko wa mdogo wake moyo unapinduka."

"Huyo mdogo wake alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Na binti mdogo. Anasema waliachwa mikononi mwake."

"Na huyo mke, aliolewa tena?"

Mzee Rosner aliomba kitabu cha barua za Rabi Musa, akaomba kioo. Alitafuta muda mrefu, ukurasa huu na huu, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo. Dakika za Adrienne zilikuwa zimekwisha, simu ya kazini ikamlilia mfukoni, akaiacha ilie.

"Haijaandikwa," akasema mwishowe.

Adrienne akachukua soksi ya pili, akaikunja mpaka kisigino, akaanza kuvuta.